Asiyekubali Kushindwa: Jinsia na Mamlaka katika Mieleka ya Maonyesho Jijini Kampala

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano wa jinsia na mamlaka katika mieleka ya maonyesho, yaani mieleka ambayo matokeo yake hupangwa kabla ya pambano, hasa pale wanawake na wanaume wanapotumia ulingo mmoja. Mfano mkuu ni jiji la Kampala na viunga vyake, kuanzia utawala wa Idi Amin hadi kuzuka kwa mieleka ya udongo laini mjini Mukono mwaka 2023. Hoja kuu ni kwamba ushindi wa mwanamke ulingoni si kipimo cha kutosha cha mamlaka yake. Katika pambano lililopangwa, mamlaka yamo mikononi mwa anayepanga anguko, anayeliridhia na anayevuna mapato yake. Makala yanapendekeza kwamba sera za michezo na utamaduni ziwatambue washiriki kuwa wasanii wenye haki juu ya miili yao, majukumu yao na picha zao.

Utangulizi

Waswahili husema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa kawaida methali hii hutumika kumwonya mchezaji anayenuna baada ya kushindwa. Katika mieleka ya maonyesho methali hiyo ni zaidi ya onyo. Ni kanuni ya kazi. Pambano haliwezi kufanyika pasipo mmoja kukubali kuanguka. Anayenyanyuliwa husukuma miguu ili anyanyuke. Hushika bega la mwenzake ili asipoteze mhimili. Hutandaza mgongo ili uzito wake upokewe na ardhi kwa mapana. Mbwago unaoonekana kuwa kazi ya mtu mmoja ni kazi ya watu wawili. Roland Barthes, katika insha yake iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952, alieleza kwamba mieleka ya kulipwa aliyoitazama nchini Ufaransa haikuwa mchezo wa ushindani bali tamasha, na kwamba hadhira haikuhangaika kujua kama mapambano yamepangwa, mradi maumivu na haki vionekane waziwazi.

Ikiwa hivyo ndivyo, swali la kijinsia haliwezi kuishia katika kuuliza nani ameshinda. Mwanamke akimbwaga mwanamume mbele ya umati unaoshangilia, mtazamaji anaweza kudhani ameshuhudia mfumodume ukiangushwa. Mwanamume akimbwaga mwanamke, mtazamaji mwingine anaweza kudhani ameshuhudia ukatili. Mahitimisho yote mawili yanachukulia kwamba tukio la ulingoni ni ushahidi wa nguvu za wahusika, ilhali matokeo yaliamuliwa kwingine. Makala haya yanauliza maswali matatu: nani hupanga anguko, nani huliridhia, na nani huvuna mapato yake? Historia ya Kampala inatoa majibu ambayo historia ya ulingo peke yake haiwezi kuyatoa.

Lugha ya kimo katika Buganda

Mieleka si jambo geni katika Buganda. Mchezo wa ekigwo, ambao jina lake linahusiana na kitenzi cha Kiganda chenye maana ya kuanguka, umekuwapo kwa vizazi vingi na kwa jadi ulihusishwa na vijana wa kiume. Jina lenyewe linaelekeza macho kwenye anguko kuliko kwenye nguvu. Ili kuelewa uzito wa anguko hilo, ni lazima kuzingatia kwamba katika utamaduni wa Kiganda kimo cha mwili ni lugha. Mwanamke hupiga magoti anapomsalimu mwanamume au mkubwa wake. Raia, akiwemo mwanamume, hujishusha mbele ya Kabaka. Kuwa chini au juu ya mwingine ni kauli kuhusu cheo kabla ya kuwa kauli kuhusu misuli.

Hata hivyo, lugha hiyo haikuwahi kugawanya watu kwa maumbile pekee. Cheo cha Kabaka kilishirikiwa, kwa namna fulani, na Namasole, mama yake, na Lubuga, dada yake aliyetawazwa pamoja naye. Kila mmoja wao alikuwa na makazi, ardhi na watumishi wake. Mabinti wa kifalme waliitwa kwa neno la heshima lililotumika kwa wanaume, ssebo, na hawakulazimika kujishusha kama wanawake wa kawaida. Kwa hiyo uanaume katika ikulu ulikuwa pia nafasi, na mwanamke aliweza kuikalia. Lakini kwa desturi za kale mabinti hao hao hawakuruhusiwa kuolewa wala kuzaa. Waliinuliwa kwa cheo na wakafungwa kwa mwili. Mfano huu ni wa msingi kwa hoja ya makala haya: mtu anaweza kupewa alama zote za ukuu huku uamuzi kuhusu mwili wake ukibaki mikononi mwa wengine.

Ukoloni ulibana nafasi hizo chache. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi ya mailo kwa ukoo wa kifalme na kwa machifu ambao karibu wote walikuwa wanaume. Wanawake waliohamia Kampala na kujitegemea waliitwa banakyeyombekedde, yaani wanawake waliojijengea wenyewe. Christine Obbo, katika utafiti wake wa mwaka 1980 kuhusu wanawake wa Kampala, alionyesha jinsi mwanamke wa mjini aliyetafuta uhuru wa kiuchumi alivyotazamwa kwa shaka, kana kwamba kujitegemea kwake ni dalili ya upotovu. Mwanamke aliyesimama mwenyewe mbele ya watu alikuwa tayari anashiriki onyesho ambalo hakuliandika.

Mshindi aliyejulikana mapema

Utawala wa Idi Amin, kuanzia Januari 1971 hadi Aprili 1979, uliyageuza mapambano ya maonyesho kuwa chombo cha dola. Amin aliwahi kuwa bingwa wa ndondi wa Uganda katika uzani wa kati-mzito, na aliendelea kuutumia mwili wake kama hoja ya kisiasa. Katika filamu ya hali halisi iliyotengenezwa na Barbet Schroeder mwaka 1974, anaonekana akishindana kuogelea na watu wake, akiwakatiza njia na kutoka majini akiwa mshindi. Hakuna anayelalamika. Matokeo yalijulikana kabla ya mtu yeyote kuingia majini.

Kilele cha fikra hiyo kingekuwa pambano ambalo halikufanyika. Mapema mwaka 1979 ilitangazwa kwamba Amin angepambana na Antonio Inoki, mwanamieleka wa Japani aliyekuwa amekutana na Muhammad Ali jijini Tokyo mwaka 1976, na kwamba Ali mwenyewe angekuwa refa. Pambano lilipangiwa kufanyika Kampala mwezi Juni mwaka huo. Majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala Aprili 11, na mpango ukafa. Ni vigumu kuwaza refa ambaye angethubutu kutangaza kushindwa kwa rais katika mji mkuu wake. Pambano hilo lingekuwa mieleka ya maonyesho katika maana mbaya kuliko zote: moja ambamo mshindani mmoja hana uwezo wa kukubali kushindwa.

Wanawake walikuwa na nafasi yao katika onyesho hilo la dola. Mwaka 1972 amri ilitolewa kupiga marufuku sketi fupi, na miili ya wanawake mitaani ikawa mahali pa kuonyesha nidhamu ya serikali. Mwaka 1974 Elizabeth Bagaaya, binti wa ufalme wa Toro na mwanasheria, aliteuliwa kuwa waziri wa mambo ya nje. Kabla mwaka haujaisha alifukuzwa kwa kashfa ya kimwili iliyotangazwa hadharani. Aliyemwinua ndiye aliyemwangusha, na maneno aliyotumia kumwangusha yalilenga mwili wake, si kazi yake. Alicia Decker, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu wanawake na ujeshi chini ya Amin, ameonyesha kwamba utawala huo uliwafungulia wanawake baadhi ya milango huku ukiwatia katika hatari. Kwa istilahi za ulingo, wanawake walipewa mapambano, lakini hawakupewa kalamu iliyoandika matokeo.

Nani huruhusiwa kupanda jukwaani

Baada ya mwaka 1986 hali ilibadilika kwa kiasi kikubwa. Katiba ya mwaka 1995 iliweka usawa wa wanawake katika ibara ya 33 na kutenga kiti cha mbunge mwanamke kwa kila wilaya. Specioza Kazibwe alikuwa tayari makamu wa rais tangu mwaka 1994. Sylvia Tamale, katika utafiti wake wa mwaka 1999 kuhusu wanawake bungeni, aliutumia mfano wa kuku jike anayewika, jambo ambalo katika jamii nyingi za Uganda huhesabiwa kuwa mkosi, ili kueleza upinzani waliokumbana nao wanawake waliopata sauti. Mwaka 2002 Kazibwe alieleza hadharani kwamba alikuwa amepigwa na mumewe. Cheo cha pili kwa ukubwa nchini hakikuwa kinga ndani ya nyumba.

Jukwaa la sanaa nalo lilibaki chini ya uangalizi. Mwaka 2005 Baraza la Vyombo vya Habari lilizuia mchezo wa The Vagina Monologues usionyeshwe Kampala, ingawa waandaaji wake walikusudia kuchangisha fedha za kupambana na ukatili dhidi ya wanawake. Sheria ya kupinga ponografia ya mwaka 2014 ilifuatiwa na matukio ya wanawake kuvuliwa nguo mitaani na makundi ya wanaume waliodai kuitekeleza. Vifungu vyake muhimu vilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2021. Katika matukio haya yote, dola na umati vilijitwalia haki ya kuamua mwili wa mwanamke uonekane wapi na kwa namna gani.

Kutoka kibandani hadi udongoni

Wakati huo huo, jukwaa jingine lilikuwa likikua bila kusubiri kibali cha wasomi. Katika vibanda vya video vya Kampala, watu wanaojulikana kama VJ walifasiri filamu za kigeni kwa Kiganda papo hapo, wakiongeza mizaha, methali na majina ya mitaa ya jiji. VJ ni mfasiri na ni mtunzi kwa wakati mmoja. Anaweza kumgeuza shujaa wa Hollywood kuwa kijana wa Katwe. Huko Wakaliga, studio ya Isaac Nabwana ilitoa filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, ikionyesha kwamba mapigano ya maonyesho yanaweza kuundwa kwa vifaa vya mtaani na kutazamwa duniani kote.

Mieleka ya Marekani ilipita katika njia hiyo hiyo ya ufasiri. Daniel Bumba, maarufu kwa jina la Bumbash, alifahamika kwa kutangaza mieleka hiyo kwa Kiganda kwenye televisheni kabla ya kuanzisha kikundi cha Soft Ground Wrestling mjini Mukono, mashariki ya Kampala. Mwaka 2023 video za kikundi hicho zilisambaa katika mitandao ya kijamii ya nchi nyingi. Ulingo wake haukuwa na sakafu ya mbao wala turubai. Ulikuwa udongo laini uliozungushiwa nguzo za mianzi na kamba. Vijana wa kike na wa kiume walifunzwa mahali pamoja na kuonekana katika maonyesho yale yale.

Udongo huo una maana zaidi ya moja. Kwanza, ni teknolojia ya watu wasio na mtaji: ardhi iliyolimwa na kumwagiwa maji hupokea mwili uangukao kwa gharama ndogo kuliko ulingo wa kiwandani. Pili, unafuta alama. Mtu aliyepakwa matope kichwani hadi miguuni hutambulika kwa kitendo chake kabla ya vazi lake. Katika utamaduni ambamo mwanamke ndiye anayetarajiwa kushuka chini, udongo unamshusha kila mtu kwa zamu. Mwanamke anayesimama juu ya mwanamume aliyelala matopeni anavunja sarufi ya kimo iliyoelezwa hapo juu. Nguvu ya picha hiyo haitokani na kuwa imepangwa au haikupangwa. Inatokana na ukweli kwamba kuna mwanamume aliyekubali, mbele ya majirani zake, kuwa chini.

Hapa ndipo tofauti kati ya mieleka ya maonyesho na ukatili wa nyumbani inapodhihirika. Utafiti wa kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 51 ya wanawake wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupata ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Ukatili huo hufichwa, hauna zamu, na anayepigwa hana ishara ya kuusimamisha. Pambano la maonyesho lililoendeshwa vizuri lina sifa zilizo kinyume: huonekana na wote, huenda kwa zamu, na kila mshiriki anaweza kumfinya mwenzake mkono ili kusema inatosha. Mwanamume anayefunzwa kumbwaga mwanamke bila kumuumiza anafunzwa pia kuubeba uzito wake kama dhamana.

Hoja hii isichukuliwe kuwa utetezi usio na masharti. Video ya sekunde chache kwenye simu huonyesha pigo na kuacha maafikiano yaliyolitangulia. Mtazamaji wa mbali haoni mazoezi wala ishara. Aidha, mieleka ya matope ya wanawake katika baa za Marekani kuanzia miaka ya 1970 iliuzwa kama burudani ya kingono kwa wanaume, na mtazamaji mwenye kumbukumbu hiyo anaweza kuona jambo tofauti kabisa na lile linaloonwa na jirani wa Mukono. Kadiri picha inavyosafiri, ndivyo ridhaa ya mshiriki inavyobaki nyuma.

Nani huvuna anguko

Historia ya kwingineko inathibitisha kwamba swali la mapato haliwezi kutenganishwa na swali la jinsia. Mildred Burke alianza kazi yake nchini Marekani katika miaka ya 1930 kwa kupambana na wanaume katika maonyesho ya kuzunguka mikoani, akawa bingwa mashuhuri. Mapambano yake, pamoja na ya wanamieleka wengine wengi wa kike, yalisimamiwa na mumewe, Billy Wolfe. Ndoa ilipovunjika mapema katika miaka ya 1950, Burke alipoteza sehemu kubwa ya soko alilolijenga kwa mwili wake, kwa kuwa mawakala walibaki upande wa Wolfe. Mwaka 1999 Chyna alimshinda Jeff Jarrett na kutwaa mkanda wa ubingwa ambao hadi wakati huo ulikuwa wa wanaume pekee. Ulikuwa ushindi wa kihistoria, na pia ulikuwa uamuzi wa waandishi wa kampuni. Huko El Alto, Bolivia, wanawake wa asili ya Aymara wanaopigana kwa sketi zao pana, wakiwakabili hata wanaume, walipata umaarufu wa kimataifa. Baadhi yao walijitenga na meneja wao na kuanzisha kikundi chao wenyewe. Uamuzi huo wa mwisho ulikuwa mbwago mkubwa kuliko wote waliofanya ulingoni.

Jambo la kisheria lina uzito sawa. Mwaka 1989 kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani ilikiri mbele ya wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba mapambano yake ni burudani, ili iondokane na usimamizi wa tume ya michezo. Ukweli huo ulipunguza gharama za kampuni, lakini pia uliwaondoa wanamieleka katika ulinzi ambao wanamichezo wengine waliupata. Mieleka ya maonyesho huwa kama popo: akiitwa ndege huonyesha meno, akiitwa mnyama huonyesha mabawa. Anayeumia katika utata huo ni yule anayeanguka.

Uganda ina nafasi ya kuuondoa utata huo mapema. Sheria ya Taifa ya Michezo ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa kusajili vyama vya michezo kupitia Baraza la Taifa la Michezo. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 inawalinda watendaji wa sanaa kuhusu kurekodiwa na kusambazwa kwa maonyesho yao. Kanuni za mwaka 2012 kuhusu unyanyasaji wa kijinsia kazini zinawahusu waajiri. Kilichobaki ni kukubali kwamba mwanamieleka wa maonyesho ni mtendaji wa sanaa anayetumia mwili wa mwanamichezo, na kwa hiyo anastahili ulinzi wa pande zote mbili.

Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba katika Kampala, tangu ikulu ya Buganda hadi udongo wa Mukono, kuinuliwa na kuangushwa mbele ya watu kumekuwa lugha ya mamlaka, na kwamba mara nyingi wanawake wameinuliwa kwa uamuzi wa wengine. Mieleka ya maonyesho inayochanganya jinsia inaweza kurudia historia hiyo au kuibadilisha. Tofauti haiko katika idadi ya wanaume wanaobwagwa.

Mapendekezo matatu yanatokana na hoja hiyo. La kwanza ni kwamba washiriki wa kike washirikishwe katika kupanga mapambano na si katika kuyatekeleza tu, kwa kuwa anayepanga ndiye anayetawala. La pili ni kwamba ridhaa iwe ya kila pambano, iandikwe kwa lugha ambayo mshiriki anaielewa, na iweze kuondolewa bila adhabu. Mafunzo ya kuanguka na huduma ya kwanza yawe sharti la kupata kibali cha onyesho. La tatu ni kwamba mikataba ieleze mgawanyo wa mapato ya video, kwa sababu huko ndiko thamani ya maonyesho haya ilikohamia.

Mcheza kwao hutunzwa, husema wahenga. Vijana wa kike wa Mukono wamekwisha kucheza, na dunia imetazama. Wajibu wa watunga sera ni kuhakikisha kwamba tuzo hiyo inawafikia waliolala udongoni ili mwingine aonekane amesimama.